Watoto wa Kiroma, sigara na moyo: jibu kwa msomaji aliyeko Debrecen

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni Mkenya, nimetoka Kilifi, nasoma afya ya jamii huku Debrecen, Hungary. Kila Jumatano tunakwenda kijiji kimoja kuwasaidia watoto masomo ya jioni, na karibu wote ni Waroma. Majuzi nilimkuta mvulana wa miaka 12 amesimama mlangoni kwao anavuta sigara, na kiberiti kapewa na mama yake. Wenzangu wakaniambia nisishangae, ndiyo mila yao, na kwamba Waroma hufa mapema kwa ugonjwa wa moyo kwa sababu ya damu yao. Ni kweli? Na mtoto wa umri ule, moyo wake una hatari gani hasa, au tunatishana tu? Jumatano nikirudi niseme nini?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika kuliko yule mvulana ni ule mlango. Umesema alikuwa amesimama mlangoni. Nitaurudia mlango huo huko mbele. Nyumba nyingi za makazi kama hayo zina chumba kimoja tu kinachopashwa moto wakati wa baridi, na kama wakubwa wake wanavuta humo, mtoto huyo amekuwa mvutaji tangu siku aliyoletwa kutoka wodi ya wazazi. Sigara uliyoiona mkononi mwake ni ya kwanza aliyoiwasha mwenyewe. Moshi wenyewe ni rafiki yake wa siku nyingi.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wengine. Waroma si Warumi wa kwenye Biblia, wala si wananchi wa Romania, ingawa Romania wapo wengi. Ni watu ambao mababu zao walitoka kaskazini mwa India yapata miaka 1,000 iliyopita, wakasambaa Ulaya nzima. Aliyekulia Mombasa au Zanzibar akasikia wauza nguo wa Kihindi wakihesabu, atashtuka kusikia Kiroma: jekh, duj, trin, štar, pandž. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 10 hadi 12, na Hungary peke yake Baraza la Ulaya linakadiria kama 750,000. Wengi wa Hungary wanaongea Kihungaria tu, kwa hiyo usibebe kamusi ya Kiroma kabla hujawauliza wenyewe wanaongea nini nyumbani. Katika Wallachia na Moldavia, ambazo leo nyingi yake ni Romania, Waroma walikuwa watumwa wa kununuliwa na kuuzwa hadi mwaka 1856. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamia ya maelfu waliuawa na Wanazi na washirika wao. Na umaskini haujawaachia. Wakala wa Umoja wa Ulaya wa Haki za Msingi ulipofanya uchunguzi wake wa mwaka 2021 katika nchi kadhaa, Hungary ikiwemo, ulikuta Waroma 80 kati ya 100 wako chini ya kiwango cha hatari ya umaskini, na 22 kati ya 100 wanaishi kwenye nyumba isiyo na bomba la maji ndani. Wanaume wao waliishi pungufu ya wanaume wengine kwa miaka 9 hivi, na wanawake kwa miaka 11. Sehemu kubwa ya miaka hiyo inayopotea inapotelea kwenye moyo na mishipa.

Sasa tuje kwenye moyo wenyewe. Mvulana wa miaka 12 hatapata mshtuko wa moyo kesho wala mwaka ujao. Ukimwambia hivyo atakucheka, na atakuwa na haki ya kucheka. Ugonjwa wa mishipa ya moyo hauji kama malaria. Unajijenga taratibu ndani ya ukuta wa mshipa, kama ukoko mweupe unavyojijenga ndani ya birika la maji ya chumvichumvi, miaka 30, miaka 40, mpaka siku ukuta unapopasuka, damu inaganda juu ya ule ufa, na mtu anashika kifua. La kujiuliza ni lini ukoko unaanza.

Hilo tumelijua tangu 1953. Mwaka huo madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokiona walipopasua mioyo ya wanajeshi 300 waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Katika mioyo 77 ya kila 100, mishipa ilikwisha kuwa na dalili za ugonjwa. Wengine walikuwa na vijistari tu vya mafuta, wengine njia ya damu imeanza kuziba. Vijana wenye misuli, waliopimwa wakaonekana wazima, wakapewa bunduki. Miongo michache baadaye Wamarekani hao hao walikusanya mishipa ya vijana karibu 3,000 wa miaka 15 hadi 34 waliokufa kwa ajali, kuuawa au kujiua. Wakapima pia damu ya marehemu ili wajue nani alikuwa akivuta, maana marehemu haulizwi. Wavutaji walikuwa na madoa mengi zaidi na yaliyokomaa zaidi, na palipoumia kuliko pote ni kwenye mshipa mkuu unaoshuka tumboni. Hao ni watu ambao wengine walikuwa bado na umri wa kidato cha nne.

Moshi unafanya nini hasa? Ndani ya kila mshipa kuna utando wa chembe hai, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Kazi yake mojawapo ni kutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo inauambia mshipa ulegee ili damu ipite. Moshi unaunguza utando huo. Kuna kipimo kizuri cha kuona hili kwa macho, na ningependa siku moja ukishuhudie kwenye hospitali ya chuo chenu. Mgonjwa analazwa chali, mkono umenyooshwa. Anafungwa mkanda wa presha kwenye mkono, unajazwa upepo mpaka damu inakatika, anasubirishwa dakika 5 huku vidole vikifa ganzi. Kisha mkanda unaachiwa. Damu inaingia kwa kishindo, na mashine ya ultrasaundi inaonyesha mshipa wa mtu mzima kiafya ukipanuka kwa asilimia 5 hadi 10. Mshipa wa mvutaji unapanuka kidogo tu, au unakaa vilevile kama bomba la chuma. Madaktari wa London walichapisha habari za kipimo hiki mwaka 1992, wakiwatumia watoto na watu wazima. Miaka michache baadaye kikaonyesha kasoro hiyo hiyo kwa vijana ambao hawajawahi kuvuta hata sigara moja, ila wameishi au kufanya kazi karibu na wavutaji.

Mengine yanafuatana. Kaboni monoksaidi iliyomo ndani ya moshi inashikana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, kwa hiyo moyo unapiga kasi zaidi ukipata kidogo zaidi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, zinakuwa na hasira, zinashikana hata pasipo jeraha. Lehemu nzuri, yaani kolesteroli nzuri, inapungua, lehemu mbaya inaharibika na kunasa ukutani. Nikotini yenyewe inapandisha presha na mapigo kila mara. Haya hayangoji mtu afikishe pakiti kwa siku. Mwaka 2018 watafiti wa London walijumlisha tafiti nyingi za miaka iliyotangulia wakakuta mtu anayevuta sigara 1 tu kwa siku ana karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Watu hudhani angekuwa na sehemu moja ya ishirini. Kwa saratani ya mapafu hesabu hiyo inakaribia ukweli. Kwa moyo hapana. Dozi ndogo inaumiza sana, halafu dozi kubwa inaongeza kidogo kidogo. Shika neno hilo, kwa sababu moshi wa chumbani ni dozi ndogo ya kila siku.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo, maana ushahidi ninaoupenda kuliko wote juu ya jambo hili umetoka Finland. Mwaka 1980 Wafini walianza kuwafuatilia watoto na vijana 3,596 wa miaka 3 hadi 18. Waliwapima, wakawauliza wazazi kama wanavuta, wakachukua damu na kuigandisha kwenye friza. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakawa watu wa makamo, na bado wanaitwa kupimwa. Walipopimwa mishipa ya shingo ukubwani, wale ambao baba na mama wote walikuwa wakivuta walikuwa na ukuta mnene zaidi, kiasi kwamba mishipa yao ilionekana ina umri wa miaka 3.3 zaidi ya umri wao wa cheti. Matokeo hayo, yaliyounganishwa na ya watoto wa Australia, yalichapishwa 2014.

Lakini lililofuata ndilo la maana kwako. Mwaka 2014 waliitoa ile damu kwenye friza, damu ya miaka 34, wakaipima kotinini. Hiyo ndiyo alama inayobaki mwilini baada ya nikotini kuvunjwavunjwa. Sasa wakaweza kuwagawa watoto wa wavutaji makundi mawili: ambao damu yao ilikuwa na kotinini, na ambao haikuonekana. Yaani wapo wazazi waliokuwa wanavuta lakini kwa namna fulani moshi haukumfikia mtoto. Pengine walitoka nje, pengine nyumba ilikuwa kubwa, pengine walivutia kazini. Watoto waliofikiwa na moshi walikuwa na uwezekano mara 4 wa kuwa na ukoko kwenye mshipa wa shingo ukubwani, ukiwalinganisha na watoto wa wasiovuta. Ambao hawakufikiwa, ni mara 1.6. Wazazi ni walewale wavutaji, sigara ni zilezile. Kilichobadilika ni hewa aliyopumua mtoto.

Niliyaona haya kwa kiwango kidogo kabla hayajachapishwa. Nilisomea udaktari Czechoslovakia ya zamani, nikabaki miaka kadhaa nikifanya kazi mashariki ya Slovakia, ambako Waroma wako kwa wingi. Kulikuwa na kimashine kidogo, ukubwa wa redio ya mkononi, unavuta pumzi, unaishika kifuani, unapuliza, kinakupa namba ya kaboni monoksaidi. Siku moja baba mmoja alikuja na binti yake wa miaka 9 mwenye kikohozi. Baba alipuliza, ikasoma 19. Hakushangaa, alicheka, akasema mashine imemjua. Mtoto naye akataka mchezo huo. Akapuliza kwa mbwembwe. Ikasoma 7. Mtoto asiyevuta, namba hiyo tunatarajia iwe 2 au 3. Nilitaka kuanza kuhutubu, bahati nzuri muuguzi, mama wa Kiroma mwenyewe, akanikanyaga mguu. Baba aliiangalia ile namba muda mrefu. Akauliza, "Na yeye ameivuta wapi?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu alikwisha kujijibu.

Niwe mkweli: sehemu ya ile 7 inawezekana ilitoka kwenye jiko. Wanapasha nyumba kwa kuni, na kuni zikiisha huchoma kinachopatikana. Sisi tuliokulia kwenye moshi wa jiko la kuni tunalijua hilo, na moyo haubagui moshi wa kuni na wa tumbaku, unaumizwa na yote miwili. Kwa hiyo usidhani kila kikohozi cha nyumba ile ni sigara. Bomba la jiko lililopasuka linaweza kuwa adui mkubwa kuliko pakiti ya baba, na kulitengeneza ni rahisi kuliko kuacha tumbaku.

Kuna moshi mwingine wa mapema zaidi, wa tumboni. Mwanamke anayevuta akiwa mjamzito huzaa mtoto aliyepungua wastani wa gramu 150 hadi 200, na wanawake wa Kiroma katika nchi kama Hungary na Slovakia wengi wao huvuta hata wakiwa wajawazito, na huzaa mapema kiumri. David Barker, daktari wa Uingereza, alifukua daftari za wakunga wa Hertfordshire za mwanzoni mwa karne iliyopita, akaonyesha mwaka 1989 kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo walipozeeka. Wengi walimpinga wakati ule. Leo wazo lake linachukuliwa kwa uzito.

Sasa hiyo habari ya damu. Wenzako hawakuisema kwa ubaya, pengine wameisikia darasani nusunusu. Ni kweli jamii iliyooana yenyewe kwa yenyewe kwa karne nyingi hubeba vinasaba vyake. Yapo magonjwa machache ya nadra yanayoonekana zaidi kwa Waroma, na hapo hapo chuoni kwenu kuna watafiti waliopima vinasaba vinavyohusu moyo wakakuta tofauti kadhaa, zikiwemo za lehemu nzuri. Lakini hakuna kinasaba kinachomwasha mtu sigara chumbani, wala kinachomnyima bomba la maji. Tena watu wako wawe na adabu wanapotamka neno "damu" mbele ya Waroma. Mwishoni mwa miaka ya 1930 daktari mmoja wa Kijerumani, Robert Ritter, alizunguka na wasaidizi wake wakiwapima Waroma vichwa, wakiwaandika nasaba, wakiwatoa damu, yote kwa jina la sayansi. Orodha zile zilitumika kuwapeleka kambini. Kumbukumbu ya hayo bado imo katika familia nyingi. Ukija na sindano yako na fomu yako ya chuo, ujue si mgeni wa kwanza kuja na vitu hivyo.

Na mila? Watafiti wa Slovenia walikaa na Waroma wakawasikiliza, wakachapisha 2006 kwamba kwao sigara imeingia kwenye utambulisho wenyewe: ni ukarimu, ni utu uzima, ni alama ya kuwa mmoja wao. Siwezi kukataa. Nimekaa kwenye mikeka yao, au tuseme kwenye makochi yao, na kitu cha kwanza kunyooshewa ni pakiti, kabla ya kahawa. Kwetu mgeni hupewa maji. Lakini tumbaku imefika Ulaya kutoka Amerika baada ya Columbus, na Waroma walikuwa wamekwisha kufika zamani. Mila yenye umri huo inaweza kubadilika. Isitoshe, uchunguzi wa Hungary uliochapishwa 2007 uliwalinganisha wakazi wa makazi ya Waroma na Wahungaria wenye kipato cha chini kabisa, ukakuta wanaovuta sigara nyingi kwa siku bado ni wengi zaidi kwa wale wa makazi. Umaskini peke yake haumalizi maelezo. Ongeza kutengwa, kukosa kazi mwaka hadi mwaka, shule ambako mtoto anawekwa darasa la pembeni na watoto wenzake wa Kiroma, na siku nzima isiyo na saa. Sigara inaigawa siku ya namna hiyo. Mtu mmoja aliniambia anavuta ili ajue ni saa ngapi.

Halafu kuna jambo ambalo litawashangaza wenzako. Watafiti wa Košice walipowauliza vijana wa Kiroma na wasio Waroma wa Slovakia kuhusu sigara, pombe na dawa za kulevya, vijana wa Kiroma hawakuwa wabaya zaidi kama wengi wanavyodhani. Wasichana wa Kiroma hasa walitumia vitu hivyo kwa uchache kuliko wenzao. Nyumba ya Kiroma ya kimapokeo inamchunga binti kwa macho kumi, na anayeonekana na sigara barabarani anawaaibisha ndugu. Kilichowapungukia mabinti hao kilikuwa mazoezi ya mwili. Kwa hiyo ukiingia tanoda yenu, yaani hapo mnapowafundisha masomo ya jioni, ukiwaona wasichana 15, usiwahutubie kana kwamba wote ni wavutaji. Unamtukana asiyevuta, na unamwambia kwamba kutovuta kwake si kawaida, na hilo ni kosa kubwa. Mambo hubadilika akiolewa na kuhamia kwa mama mkwe anayevuta, ndipo moshi unapomkamata, mara nyingi akiwa na mimba ya kwanza.

Sigara yule mvulana anaipata wapi? Si dukani. Hungary tangu 2013 inauza tumbaku kwenye maduka maalumu yenye kibali cha serikali, kibao cha kahawia chenye namba 18, na mtoto haruhusiwi hata kuingia. Anaipata nyumbani, au kwa jirani anayeuza moja moja. Wewe wa Kilifi hilo halikushangazi. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na wote tunajua kioski kilipo. Na wala asisubiri kuwa mvutaji wa kila siku ndipo aseme amenaswa. Kwa umri wake utegemezi wa nikotini huanza kabla ya hapo, akivuta mara chache tu kwa juma anaweza kuwa tayari anaihitaji.

Basi Jumatano ufanyeje? Usianze na mvulana, na kwa Mungu usianze na mama yake mbele ya mvulana. Mtafute védőnő wa kijiji hicho. Ni muuguzi wa mama na mtoto, Hungary wanao tangu 1915, anaingia kila nyumba yenye mjamzito au mtoto, nzuri na mbaya, na analijua kila jiko linalovuja. Ukikuta eneo lina mhudumu wa afya aliye Mroma mwenyewe, huyo ndiye bora zaidi. Romania iliwatambua kiserikali mwaka 2002, wengi wao wanawake, na Slovakia wanao pia. Ni kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kwetu: mtu wa mtaa huo huo, anayeweza kusema usiloweza kusema wewe. Yule aliyenikanyaga mguu alikuwa wa namna hiyo.

Ukipata nafasi ya kuongea na mama, ombi lako liwe dogo. Usimwombe aache. Mwombe chumba kisivutiwe, hasa usiku na hasa wakati wa baridi. Usimwambie afungue dirisha avutie hapo, maana moshi unarudi ndani, na kwa baridi ya Januari dirisha halikai wazi hata dakika. Wavutie nje, mlango umefungwa nyuma yao. Unaona sasa kwa nini nilikwambia nitaurudia mlango? Mvulana wako alikuwa mlangoni. Mtu fulani nyumbani mle tayari amesema moshi usikae ndani, hata kama hajasema kwa sauti, na huenda ni mama huyo huyo mwenye kiberiti. Anzia hapo. Muulize nani aliyeamua watu wavutie mlangoni, umsifu, halafu muongee habari za hatua tatu zaidi kwenda nje.

Wakubwa wakitaka kuacha, msaada upo na hauna haja ya kuwa ghali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuacha tumbaku kwa watu wazima mwaka 2024, na ndani yake imo sitisini, dawa itokanayo na mti uitwao laburnum. Wabulgaria wameitengeneza kwa jina la Tabex tangu 1964, wakati Ulaya Magharibi haijaisikia. Mwenye mimba na mwenye umri chini ya miaka 18 wasipewe. Daktari wa kijiji ndiye aulizwe, si wewe, hata kama wanakuita doktor kwa sababu umevaa miwani. Baba wa miaka 38 akiacha leo, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ziada ya moyo inakuwa imeshuka karibu nusu, na namba ya kaboni monoksaidi kwenye kimashine inarudi ya kawaida ndani ya siku moja au mbili. Hiyo ya mwisho wanaipenda, kwa sababu wanaiona kwa macho yao.

Na mvulana? Zungumza naye habari za pumzi, usiguse kifo. Kifo kwake kiko mbali kama Kilifi. Kama anacheza mpira, mwambie wakimbizane hadi mwisho wa barabara na mwenzake asiyevuta, halafu wahesabiane mapigo ya moyo shingoni kwa dakika moja, kisha tena baada ya dakika mbili. Waache wabishane wenyewe juu ya namba. Usimwite mvutaji mbele ya wenzake, atalichukua jina hilo alivae. Akikuuliza kama moyo wake umeshaharibika, mjibu kwamba vijistari vya mafuta kwenye mishipa ya umri wake vinaweza kurudi nyuma, ambavyo ni kweli, na kwamba ukoko uliokomaa ndio usiorudi kirahisi.

Ukiandika ripoti yako ya chuo, kotinini ya mate ni kipimo kisicho na sindano. Ombeni ruhusa ya wazazi kwa lugha wanayoisoma, na majibu warudishiwe wao kwanza kabla ya profesa. Kisha nina ombi langu binafsi. Ukirudi kwenye nyumba ile, angalia chumba wanacholala ni cha hatua ngapi kwa ngapi, wanalala wangapi, na kati ya madirisha yake ni mangapi yanayofunguka. Uniandikie.